Maswali ya Wasomaji: Njia Tatu za Maji Chini ya Mji

Barua nyingi za safari hii zinahusu maji, ingawa kila msomaji ameyaita kwa jina lake: ya bomba, ya choo, ya mvua. Chini ya mji kuna njia tatu, na kila moja ina tabia yake. Bomba la maji safi linatakiwa lijae muda wote na liwe na presha. Bomba la majitaka halitakiwi kujaa hata siku moja. Maji yake hutembea kwa mteremko tu, na juu yake hubaki hewa. Mtaro wa mvua unatakiwa ukae mtupu, ukiingoja mvua. Karibu kila tatizo mlilotuandikia linatokana na njia mojawapo kuchukua tabia ya nyingine, au njia mbili kukutana pasipostahili.

Kwetu maji ni ya mgao: siku mbili yapo, siku tatu hayapo. Yakirudi hutoka ya kahawia, na mara mbili yamenuka choo. Mamlaka inasema yanatoka mtamboni yakiwa safi. Nani mkweli? (Mpangaji, ghorofa ya chini)

Mnaweza kuwa wakweli wote wawili.

Presha ndiyo mlinzi wa bomba. Hakuna mtandao wa mji usiovuja hata kidogo. Penye maungio, penye valvu kuukuu, penye bomba lililokanyagwa na malori, pana ufa. Presha ikiwepo, maji hutoka nje kupitia ufa huo na uchafu hauna pa kuingilia. Presha ikikatika mambo hugeuka. Maji yaliyobaki hushuka mabondeni, nyuma yake hubaki ombwe, na ombwe hunyonya chochote kilichouzunguka ufa. Bomba lililolala kwenye udongo uliolowa majitaka, au lililokatiza ndani ya mtaro, mnajua litanyonya nini.

Rangi ya kahawia na harufu ya choo ni mambo mawili tofauti. Kahawia mara nyingi ni kutu, manganizi na mchanga mwembamba uliotulia chini ya bomba. Maji yakirudi kwa kasi huukwangua na kuuleta kwenye koki yako. Unachafua nguo na kuchosha macho, lakini ukiacha maji yamwagike huisha. Harufu ya choo maana yake majitaka yameingia, na hapo hakuna cha kungoja.

Mtamboni kazi huwa hivi. Maji ya mto au bwawa hutiwa shabu, chembe za tope hushikana kuwa mabonge, mabonge hutulia kwenye tangi kwa saa mbili hadi nne, kisha maji hupita kwenye mchanga. Tope linalobaki linatakiwa liwe chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji) kabla ya klorini, kwa sababu vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope na klorini haiwafikii. Baada ya klorini kukaa na maji dakika 30, inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na ikifika kwenye koki ya mwisho kabisa isipungue 0.2. Hiyo 0.2 ni akiba ya njiani. Inamudu wadudu wachache waliopenya; haiwezi kushindana na ndoo ya majitaka iliyonyonywa usiku.

Ya kufanya kila mgao unaporudi: kwanza funga valvu inayopeleka maji kwenye tangi lako, ili uchafu wa mwanzo usiingie humo na kukaa wiki nzima. Fungua koki iliyo chini kuliko zote na iliyo karibu na mita, acha imwagike ndani ya ndoo nyeupe. Ndoo nyeupe inaonyesha rangi ambayo sinki la chuma linaificha. Yakitakata, fungua njia ya tangi. Hayo ya ndoo yatafaa kumwagia choo. Kama unaweza kupata kipimo cha vidonge vya DPD, tia kidonge kwenye maji: yakigeuka waridi, klorini ipo, yakibaki meupe, chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja nzima kabla ya kunywa. Yaliyonuka choo usinywe hata ukiyachemsha, maana kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi kemikali zilizomo kwenye majitaka. Toa taarifa siku hiyohiyo, ukitaja saa yalipoanza kunuka na nyumba zipi jirani zimepata. Kwa taarifa hizo mbili fundi anaweza kukisia kipande cha bomba chenye ufa.

Neno moja kwa wanaofungua valvu za mgao. Bomba tupu lijazwe polepole, valvu za hewa zikiwa zinafanya kazi na koki za kusafishia miisho ya bomba zikiwa wazi. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yakisimamishwa ghafla hupandisha presha kwa takriban bar 10. Pigo hilo ndilo hupasua maungio usiku wa kwanza wa mgao, na asubuhi mji unakuwa na nyufa zaidi ya ulizokuwa nazo jana. Kwa maoni yetu, presha ndogo isiyokatika ni bora mara nyingi kuliko presha kubwa ya siku mbili kwa wiki.

Maji yanafika kwa udhaifu. Fundi amenishauri nifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye mita. Nifanye hivyo? (Mwenye nyumba ya ghorofa mbili)

Usifanye. Pampu hiyo haitengenezi maji. Inayavuta kutoka kwa jirani, na ikivuta zaidi ya bomba linavyoweza kuleta, inazalisha lile ombwe tulilolieleza hapo juu huku maji yakiwa yapo. Utakuwa umejinyonyea uchafu mwenyewe.

Jenga tangi la chini. Maji ya mji yaingie humo yenyewe, kwa presha yake ndogo, mchana na usiku, na koki ya boya iyafunge likijaa. Pampu inyonye kutoka kwenye tangi hilo na kupeleka juu. Kila mita 10 za kimo hula bar 1, kwa hiyo tangi la juu likiwa mita 8 kutoka kwenye pampu unahitaji karibu bar 0.8 ya kupanda tu, na kidogo cha msuguano. Kitu kimoja kisisahaulike: mdomo wa bomba linaloingiza maji ya mji ukae juu ya usawa wa maji, na nafasi ya hewa kati yao iwe angalau mara mbili ya kipenyo cha bomba, na isipungue milimita 25. Tobo la kumwagia ziada liwe chini ya mdomo huo. Nafasi hiyo ya hewa haichoki wala kuhitaji matengenezo, na maji ya tangi hayawezi kuiruka kurudi mtaani. Valvu ya njia moja ni nyongeza nzuri, lakini punje ya mchanga ikikwama kwenye kifuniko chake, haizuii tena.

Bili imepanda karibu mara mbili na sioni panapovuja. Tena mita huzunguka kabla maji hayajatoka. Nafuatiliaje? (Msomaji)

Kuhusu hewa, ni kweli. Mita nyingi za nyumbani hupima kwa gurudumu linalosukumwa na kinachopita, na hewa inayotimuliwa na maji ya mgao hulizungusha. Andika namba ya mita kabla mgao haujarudi na mara maji yanapoanza kutoka bila kukatika. Ukiwa na rekodi za wiki kadhaa, una cha kuonyesha.

Kuvuja ndani ya nyumba kuna jaribio la bure. Usiku, maji yakiwa yapo, funga koki zote na ufunge koki ya boya ya tangi. Angalia kile kipembetatu kidogo au mkono mwekundu kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapita mahali. Kisipozunguka, andika namba zote, lala, na uzisome alfajiri. Zikiwa zimesogea, funga valvu inayoingia ndani ya nyumba: mita ikisimama, tatizo liko ndani, ikiendelea, liko kwenye bomba la chini ya ardhi kati ya mita na ukuta. Mshukiwa wa kwanza ndani ni choo. Tia matone ya wino kwenye tangi la kuflashi, usiguse kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Rangi ikionekana, mpira wa chini umechoka.

Watu hudharau tundu dogo. Tundu la milimita 3, presha ikiwa bar 3, humwaga karibu lita 0.1 kwa sekunde. Kwa siku ni lita 9,000 hivi. Presha ikishushwa nusu, upotevu unashuka hadi kama lita 6,300 bila mtu kuchimba popote. Ndiyo maana mamlaka zenye mipango hugawa mji katika kanda, kila kanda na mita yake ya kuingilia, na kusoma kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati watu wamelala. Kinachopita saa hizo kikizidi kile cha wachache walio macho, sehemu kubwa ni uvujaji, na timu hutumwa kwenye kanda yenye namba mbaya kuliko zote.

Paa letu linamwaga maji kwenye chemba ya majitaka. Jirani analalamika kwamba mvua ikinyesha choo chake kinarudisha. Yana uhusiano? Ni maji masafi ya mvua tu. (Kamati ya jengo)

Yana uhusiano wa moja kwa moja. Tufanye hesabu pamoja, maana hapa namba husema kuliko maneno.

Chukua paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 kwa saa, mvua kubwa lakini si ya ajabu. Kila milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa saa moja paa hilo linateremsha lita 5,000, sawa na lita 1.4 kwa sekunde. Sasa chukua nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku: lita 500 kwa siku, yaani wastani wa lita 21 kwa saa. Gawanya. Paa lenu moja, kwa saa hiyo ya mvua, ni sawa na nyumba 240 zilizojiunga ghafla kwenye bomba lile.

Tazama na bomba lenyewe. La milimita 150, likiwekwa kwa mteremko wa 1 kwa 100, likijaa kabisa hupitisha kama lita 15 kwa sekunde. Mapaa 11 yanalimaliza. Bila mvua, hata tukizidisha wastani mara tatu kwa ajili ya saa za asubuhi watu wanapooga, bomba hilohilo kwa hesabu ya karatasi lingepokea nyumba zaidi ya 800.

Likishajaa, bomba la majitaka linakuwa bomba la presha, kazi ambayo halikutengenezewa. Maji hupanda kwenye chemba na kutafuta tundu lililo chini kuliko yote, ambalo kwa kawaida ni choo au tundu la sakafu la nyumba ya bondeni. Kinachorudi kwa jirani yenu ni mvua ya kwenu iliyochanganyika na choo cha mtaa mzima. Huko mwisho wa safari, kwenye mtambo, wingi huo hupita kwa kasi na kuwasomba bakteria wanaokula uchafu, na kuwakuza tena huchukua siku nyingi.

Tengeni. Bomba la paa lipelekwe kwenye mtaro wa mvua, au kwenye tangi la kuvunia, au kwenye shimo la mawe la kunywea maji ardhini kama udongo unanywa na msingi uko mbali. Mkate na kuziba kabisa ule mlango wa chemba kwa saruji. Msiuache na kifuniko, maana kifuniko hufunguliwa siku ya kwanza ua ukijaa maji.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, la choo kuunganishwa na mtaro wa mvua. Kulijua ni rahisi: mtaro wa mvua unaotiririka wiki tatu baada ya mvua kwisha una mgeni. Wakaguzi hutia rangi kwenye choo na kuingoja mtaroni, au hupuliza moshi usio na madhara ndani ya bomba la majitaka na kutazama unapotokea. Ukitoka kwenye bomba la paa, wamepata walichokuwa wanatafuta.

Ipo miji iliyojengwa kwa njia moja ya pamoja tangu mwanzo. London ni mfano. Mabomba makuu yaliyosimamiwa na Joseph Bazalgette, baada ya uvundo wa mto Thames wa mwaka 1858 kuwashinda hata wabunge, yalibeba majitaka na mvua pamoja, na yakizidiwa ziada ilimwagwa mtoni. Kuipunguza ziada hiyo kumelazimu kuchimba handaki la kilomita 25 lenye kipenyo cha mita 7.2 chini ya mto huohuo, likakamilika kuunganishwa mwaka 2025. Kutenganisha mji uliokwisha kujengwa ni ghali kiasi hicho. Mwenye mji mpya atenge tangu siku ya kwanza.

Mtaro wa mtaa wetu umepanuliwa na kusakafiwa, lakini mafuriko yamezidi. Tumedanganywa? (Mwenyekiti wa kamati ya mtaa)

Huenda mlijengewa vizuri mahali pasipo na tatizo. Mtaro hupitisha kiasi kinachopita kwenye koo lake jembamba kuliko yote, na koo hilo mara nyingi ni kalvati iliyo chini zaidi, barabarani, ambayo haikuguswa. Kusakafia huongeza kasi, hivyo maji yaliyokuwa yakifika kwenye kalvati kwa saa moja sasa yanafika kwa dakika 20, yote kwa pamoja. Tembeeni mkifuata maji hadi yanapoishia, na futi kamba mkononi. Pimeni upana na kimo cha mtaro na cha kila kalvati. Mahali namba inapopungua ghafla ndipo pa kuanzia. Pimeni pia usawa wa mwisho: kama mto au bahari hupanda juu kuliko mdomo wa mtaro, upana wa huku juu hauwasaidii saa hizo.

La pili ni mchanga. Mtaro wa upana wa mita 1 na kimo cha mita 1 ukijaa mchanga hadi katikati, wengi hudhani umebaki na nusu ya uwezo. Unabaki na kama asilimia 41, kwa sababu maji machache yanasuguana na chini na kingo kwa sehemu kubwa zaidi ya ujazo wake. Safisheni kabla ya msimu, mkianzia chini kupanda juu. Mkianzia juu, mnausukuma mchanga kwenye kipande ambacho bado kimeziba. Na kinachochimbuliwa kipakiwe siku hiyohiyo. Tope linaloachwa ukingoni likauke hurudi lote kwa mvua ya kwanza, na kazi ya watu kumi inakuwa bure. Penye kalvati, chuma cha kuzuia taka kiwekwe kwa kulala, kikiinamia upande maji yanakoelekea, ili taka zipande juu yake na maji yaendelee kupita chini. Kikisimama wima, mifuko ya plastiki hukiziba kama pazia.

La tatu liko juu ya ardhi. Hesabu ambayo wahandisi huanzia nayo ni fupi: sehemu ya mvua inayotiririka, mara ukali wake kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawa kwa 360, jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Hekta moja ya majani, ambako kama asilimia 20 tu ya mvua hutiririka, kwa milimita 50 kwa saa hutoa lita 28 kwa sekunde. Ijengwe na kusakafiwa hadi asilimia 90, inatoa lita 125. Kama kilimani kwenu viwanja vya majani vimegeuka maegesho, mtaro uliopanuliwa mara mbili umezidiwa na maji yaliyoongezeka zaidi ya mara nne. Dawa ya hapo ni kuyachelewesha: bwawa la kukusanyia lenye tundu dogo la kutokea, uwanja wa michezo ulioshushwa nusu mita, vipande vya ardhi vilivyoachwa wazi. Hatuna imani na mpango unaoanzia na kuishia kwenye saruji.

Umeandika pia kwamba mliambiwa mtaro ni wa “mvua ya miaka 10” na ukafurika mara mbili ndani ya miaka mitatu. Maana ya jina hilo ni kwamba kila mwaka pana nafasi ya asilimia 10 ya mvua kama hiyo au kubwa zaidi. Mwaka jana kunyesha hakuupi mwaka huu likizo. Kwa miaka kumi, nafasi ya kuiona angalau mara moja ni asilimia 65.

Bafu la wageni linanuka ingawa ni safi. (Msomaji)

Chini ya tundu la sakafu kuna trapu, bomba lililopinda kama shingo, na humo hukaa maji ya kina cha milimita 50 hivi yanayoizuia hewa ya majitaka isipande. Bafu lisipotumika, maji hayo hukauka. Mimina lita 1 ya maji kila wiki mbili. Ukisafiri, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake, yatapunguza ukaukaji. Kama harufu huja mara tu choo kikiflashiwa, na trapu inatoa mlio wa kubwabwaja, basi bomba la kupumulia linalopanda juu ya paa limeziba na maji yanayoshuka yananyonya ya trapu. Kagua kiota cha ndege.

Chemba ya nje imefurika. Tuanzie wapi, na ni sahihi kijana kushuka ndani kuzibua? (Msimamizi wa majengo)

Tuanze na la pili: asishuke. Ndani ya chemba kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, na hatari yake kubwa ni kwamba ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuihisi. Mtu hudhani hewa imekuwa nzuri, anashuka hatua mbili zaidi, anaanguka. Anayemfuata kumwokoa naye anaanguka. Kuingia ni kazi ya timu yenye kipima gesi kinachoteremshwa kwanza kwa kamba, feni ya kuingiza hewa, mkanda wa mwili uliofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na mtu wa juu ambaye haondoki. Pasipo na hivyo vyote, kazi ifanyike kutoka juu.

Na kutoka juu inawezekana mara nyingi. Weka vizuizi, zima sigara na moto wote, kaa upande unaotoka upepo. Fungua chemba inayofuata kuelekea bondeni. Ikiwa tupu, kizibo kiko kati ya hizo mbili. Ikiwa nayo imejaa, endelea na ya tatu, hadi uipate ya kwanza iliyo tupu. Kutoka kwenye chemba hiyo tupu ingiza fito za kuzibulia kuelekea juu, ukizizungusha upande uleule zinaokaza skrubu zake; ukizizungusha kinyume zinafunguka na kukuachia kizibo cha pili. Weka wavu au uma wa chuma kwenye mdomo wa kutokea ili kilichozibuka kisiende kuziba mbele. Kizibo kikiachia, maji hushuka kwa kishindo, kwa hiyo mtu asiiname juu ya chemba. Malizia kwa kupitisha maji mengi na kutazama kama yanakwenda bila kusita.

Angalia ulichokitoa, kwani kinakueleza chanzo. Mafuta yaliyoganda meupe yametoka jikoni bila mtego wa mafuta, au mtego haujasafishwa. Vitambaa vya kujifutia havimumunyiki hata vikiandikwa hivyo kwenye pakiti. Vitu hivyo viwili vikikutana hushikana: mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, vilifanya bonge la urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mchanga na mawe maana yake bomba limepasuka au kifuniko kimekosekana. Mizizi, vivyo hivyo. Na kama hakuna kitu ila maji yametuama, pima mteremko. Bomba la milimita 100 linataka kama 1 kwa 40, yaani sentimita 25 kwa kila mita 10; majitaka yakienda chini ya mita 0.6 kwa sekunde, vigumu hutulia njiani.

Ukisikia harufu ya petroli au ya kiyeyushi kama thina ya rangi, funika, ondosha watu, piga simu ya dharura. Huko Guadalajara, Mexico, tarehe 22 Aprili 1992, petroli iliyovuja kutoka bomba lililotoboka iliingia kwenye mabomba ya majitaka na kulipua kilomita kadhaa za mitaa. Waliokufa walizidi 200.

Nimesoma kwamba kuna watu wanakunywa majitaka yaliyosafishwa. Ni kweli, au ni maneno ya kutisha watu? (Mwanafunzi)

Ni kweli, na si jambo la jana. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulianza mwaka 1968 kurudisha majitaka yaliyosafishwa kwenye maji yake ya kunywa, ukiwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa mtandao wa mji. Mtambo mpya wa mwaka 2002 umejengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Siri yake ni vizuizi vingi vinavyofuatana, ili kimoja kikishindwa kingine kikamate: mchanga, ozoni, kaboni tendaji, utando wenye matundu madogo mno, kisha klorini, na mwishoni maji huchanganywa na ya vyanzo vingine. Lakini kizuizi cha kwanza kiko mbali na mtambo. Majitaka ya viwandani yalitengewa njia yake, kwa sababu kinyesi cha binadamu kinasafishika, ila kemikali usiyoijua huwezi hata kuipima. Singapore nayo hufanya hivyo tangu 2003, ingawa sehemu kubwa ya maji hayo huenda viwandani.

Tangi la nyumbani lisafishwe mara ngapi, na klorini kiasi gani? (Wasomaji kadhaa)

Mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya tukio la maji kunuka. Toa maji, sugua chini na kuta kwa brashi ngumu bila sabuni, suuza, toa tope lote kupitia tobo la chini. Jaza tena. Kwa kila lita 1,000 tia lita 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato, ukiimimina huku maji yakiingia ili ichanganyike. Hiyo ni miligramu 50 kwa lita. Fungua kila koki ndani ya nyumba hadi unuse klorini, zifunge, acha usiku kucha, na mwambie kila mtu asinywe. Asubuhi toa yote, jaza maji mapya, mwaga tena kwenye kila koki mpaka harufu ibaki ya kawaida.

Maji hayo makali usiyafungulie mtaro wa mvua, kwa kuwa mtaro hauna mtambo mwishoni; unaishia mtoni, penye samaki. Yapelekwe polepole kwenye majitaka. Mwenye shimo lake mwenyewe ayaache tangini siku mbili au tatu, kifuniko kikiwa wazi lakini kimefunikwa wavu, hadi kidonge cha DPD kisigeuze rangi. Hapo ndipo ayatoe, kidogo kidogo, la sivyo atawaua bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo.